Askari walioambiwa ahsante baada ya miaka 55

NDUGU msomaji, huenda mtaani kwenu kuna mzee mstaafu wa jeshi ambaye ukibisha hodi kwake, kitu cha kwanza kukulaki pale sebuleni ni picha yake ya ujanani, amesimama wima, kichwani amevaa kofia ya rangi ya samawati ya Umoja wa Mataifa. Kenya ilipeleka vijana wake Namibia mwaka wa 1989, ikawapeleka Sierra Leone, Sudan Kusini na kwingineko, kwa hivyo picha za aina hiyo si haba katika nyumba zetu. Karibu na picha huwa pana kijisanduku, na ndani yake nishani. Watoto wa nyumba hiyo wamechoshwa na hadithi ya nishani ile, lakini mgeni akija, wao ndio huwa wa kwanza kuisimulia.

Sasa hebu igeuze picha hiyo. Tuseme mzee wetu hana kitu ukutani. Nishani aliyovalishwa na Umoja wa Mataifa ameifukia chini ya nguo kuukuu. Mwanawe akimuuliza alikuwa wapi mwaka fulani, anajibu kwamba alikuwa kazini, kisha anainuka kwenda kufungulia redio. Na kuna jina la mji mmoja ambalo halitajwi katika nyumba hiyo.

Namna hiyo, au karibu na hiyo, ndivyo walivyoishi wengi wa askari zaidi ya 150 wa nchi ya Ireland kwa miaka mingi. Mji wenyewe hauko Ulaya. Uko huku kwetu Afrika, katika Katanga, kusini mwa Congo, mahali ambapo hata leo ukienda sokoni utanunua nyanya na kubishania bei yake kwa Kiswahili. Siku hizi unaitwa Likasi. Enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville.

Shaba na kiburi

Tuanze na asili ya mambo. Congo ilipata uhuru wake kutoka kwa Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960. Hata majuma mawili hayajatimia, tarehe 11 Julai, Moise Tshombe alitangaza kwamba mkoa wa Katanga umejitenga na kuwa nchi kamili. Haikuwa ajabu. Katanga ndiyo iliyokuwa ghala ya taifa lile changa. Kulikuwa na shaba, kulikuwa na kobalti, na karibu na Jadotville penyewe kulikuwa na mgodi wa Shinkolobwe, ambako kulichimbwa urani iliyotumiwa na Wamarekani katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945. Wakubwa wa kampuni ya migodi ya Union Minière hawakuwa na hamu ya kuona mali hiyo ikiwekwa chini ya serikali ya Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Maafisa wa Kibelgiji wakabaki kuliongoza jeshi la Tshombe, na mamluki wa Kizungu wakamiminika kutoka Ufaransa, Rhodesia na Afrika Kusini.

Lumumba aliuomba Umoja wa Mataifa msaada, na Umoja huo ukatuma majeshi. Yeye mwenyewe hakuuona mwisho wa mambo, kwani aliuawa huko huko Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Miongoni mwa nchi zilizoombwa kutoa askari ilikuwa Ireland. Ni nchi ndogo, haikuwa na koloni hata moja, yenyewe ilikuwa imetawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi, na haikuwa imejiunga na kambi yoyote ya kijeshi ya mataifa makubwa. Ilikuwa imeingia katika Umoja wa Mataifa mwaka wa 1955 tu, na jeshi lake lilikuwa halijawahi kupeleka kikosi cha silaha ng'ambo. Basi vijana wa watu, wengine hawajafikisha miaka ishirini, wakateremka kutoka kwenye ndege katika jua la Congo wakiwa wamevaa sare nzito za sufu zilizoshonwa kwa ajili ya baridi ya kwao. Ukitaka kujua jinsi nchi yao ilivyokuwa haijui inawapeleka wapi, zitazame sare hizo.

Msiba wa kwanza ulikuja upesi. Tarehe 8 Novemba 1960, huko Niemba, kaskazini mwa Katanga, doria ya askari 11 wa Ireland ilivamiwa. Tisa waliuawa, wawili wakanusurika. Maiti ziliporudishwa Dublin, umati mkubwa ulijipanga barabarani kuziaga, na nchi nzima ikaingia katika matanga. Mmoja wa wale tisa alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya jeshi hilo, akiwa wa kwanza kuipata. Nakuomba, msomaji, uwakumbuke marehemu wa Niemba, maana tutawarudia.

Siku tano bila maji

Mapema mwezi wa Septemba 1961, kombania moja ya batalioni ya 35 ya Ireland ilitumwa Jadotville, kilomita zipatazo 120 kutoka makao ya Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi. Iliongozwa na Pat Quinlan, ambaye cheo chake katika jeshi letu kingekuwa sawa na meja. Kazi yao ilikuwa kuwalinda wakazi wa Kizungu wa mji huo, baada ya Ubelgiji kudai kwamba maisha yao yalikuwa hatarini.

Walipofika waligundua kwamba waliotumwa kuwalinda hawakutaka kulindwa. Wazungu wa Jadotville walikuwa upande wa Tshombe, na waliwakunjia uso wageni hao kana kwamba ni wezi. Quinlan hakuwa amewahi kupigana vita, lakini hali ile ilimtosha kuwa onyo. Aliwaamuru vijana wake wachimbe mahandaki. Bila shaka kuna walionung'unika, maana ardhi ile ni ngumu na jua ni kali. Baadaye mahandaki yale ndiyo yaliyowafanya wawe na wajukuu.

Alfajiri ya tarehe 13 Septemba, mjini Elisabethville, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza operesheni kali ya kukomesha utawala wa Tshombe. Aliyekuwa mjumbe wa Umoja huo huko Katanga, Conor Cruise O'Brien, alikuwa Mwairishi vilevile. Jawabu la Katanga lilishukia Jadotville. Asubuhi iyo hiyo, wakati askari wengi wa Quinlan walipokuwa wamekusanyika kwenye misa ya hadharani, washambulizi wakaja mbio na magari na bunduki. Mlinzi mmoja akawahi kufyatua risasi ya kuwatahadharisha wenzake, na misa ikaishia hapo.

Makadirio mengi yanataja washambulizi kati ya 3,000 na 5,000, wakiwemo askari wa Katanga na mamluki waliowaongoza. Upande wa Ireland walikuwa hao hao zaidi ya 150, wenye bunduki za kawaida, bunduki chache za rashasha na mizinga midogo. Juu angani ilikuwapo ndege ya kivita ya Katanga aina ya Fouga Magister, iliyowashambulia ilivyopenda, kwa sababu wakati huo Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege hata moja ya kuikabili. Ethiopia ilikuwa tayari kutoa zake, lakini zilihitaji kupitia Entebbe kujaza mafuta, na Uganda ilikuwa bado chini ya Waingereza. Ruhusa ilicheleweshwa huko London. Ndege zikafika mambo yamekwisha.

Kikosi cha kuwaokoa kilitumwa kutoka Elisabethville, kikazuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Kikatumwa tena, kikazuiwa tena. Maji ya bomba yalikuwa yamekatwa. Rubani mmoja wa Norway na mwenzake wa Sweden walijitolea, wakatua na helikopta yao katikati ya risasi wakiwa wamebeba maji. Askari waliokuwa na midomo iliyopasuka kwa kiu wakaikimbilia mitungi, na walipoifungua wakanusa mafuta. Mitungi ilikuwa imewahi kutiwa mafuta ya gari na haikuoshwa sawasawa. Yeyote aliyewahi kuteka maji mtaani kwa mtungi wa aina hiyo anajua kwamba maji hayo hayanyweki.

Hata hivyo Quinlan alituma ujumbe kwa redio kwamba wangeshikilia hadi risasi ya mwisho, na akaongeza kwamba wiski kidogo isingekuwa vibaya.

Walishikilia siku tano. Risasi zilikuwa zikikaribia kwisha, maji hakuna, msaada haupo, na mapatano ya kusimamisha vita yaliyokuwa yamefikiwa yalikuwa yakivunjwa na maadui waliozidi kuwasogelea. Mpaka hapo, wanaume wake watano walikuwa wamejeruhiwa na hakuna hata mmoja aliyekufa. Je, msomaji, ungekuwa wewe ndiye Quinlan ungefanyaje? Tarehe 17 Septemba alisalimu amri, na vijana wake wote wakaingia kifungoni wakitembea kwa miguu yao wenyewe.

Usiku wa siku hiyo, ndege iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, akienda kuonana na Tshombe kutafuta amani, ilianguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Kilio cha dunia kikaelekea huko.

Nisije nikalisahau hili. Inakadiriwa kwamba washambulizi wapatao 300 waliuawa Jadotville. Wengi wao walikuwa Waafrika wenzetu, waliotumwa na watu waliokuwa na hisa katika shaba. Katika sherehe zote nitakazokueleza hapa chini, hakuna aliyekuja kuwapa jamaa zao chochote.

Kosa la kurudi hai

Mateka waliachiliwa mnamo Oktoba 1961, wakarudi kwao kabla ya Krismasi. Nyumbani walikumbatiwa na mama zao. Jeshini ikawa kimya. Quinlan aliandika majina ya zaidi ya 30 kati ya vijana wake na kupendekeza watunukiwe nishani za ushujaa. Mapendekezo hayo yalifikishwa mbele ya kamati ya nishani katika miaka hiyo ya 1960, na yote yakakataliwa. Hawakukataa baadhi na kukubali baadhi. Walikataa yote.

Badala ya nishani walipata jina. Katika kambi na vilabuni walianza kuitwa 'Jadotville Jack', jina la kejeli, maana yake mtu aliyenyosha mikono juu. Waliobaki jeshini wamesimulia kwamba aliyetaka kupanda cheo alijifunza kutoutaja mji huo. Wengine waliacha kazi. Wenzao wamesimulia kuhusu waliozama katika ulevi, na hata waliojitoa uhai. Wake zao, ambao hawakuwahi kuiona Congo, waliishi miaka 40 na kitu kisichosemeka katikati ya meza ya chakula. Watoto nao walikua wakijua tu kwamba baba huota ndoto mbaya usiku.

Hapa ndipo nilipokuomba uwakumbuke wale tisa wa Niemba. Hao walipata umati barabarani kwa sababu walikuwa wamekufa. Maiti halimuulizi mkubwa wake swali. Lakini mtu aliyerudi kutoka Jadotville akiwa hai, ukimsifu, lazima mtu mwingine ajibu maswali. Nani aliyewapeleka 150 mahali pasipo na msaada, wawalinde watu wasiotaka kulindwa? Nani aliyeanzisha vita Elisabethville akijua kuna kombania moja peke yake kilomita 120 kutoka hapo? Na ile mitungi, iliangaliwa na nani? Ilikuwa rahisi zaidi, kwa jeshi na kwa Umoja wa Mataifa, kuacha watu waamini kwamba kosa lilikuwa la Quinlan kuinua bendera nyeupe.

Na usidhani haya ni ya zamani tu. Sisi wenyewe tunakumbuka mwezi wa Novemba 1916, la, samahani, kalamu imeteleza, ni Novemba 2016, wakati Luteni Jenerali Johnson Mogoa Kimani Ondieki wa Kenya alipoondolewa katika uongozi wa majeshi ya Umoja wa Mataifa huko Sudan Kusini kutokana na mapigano ya Juba ya mwezi wa Julai mwaka huo. Alikuwa amekaa katika kazi hiyo majuma machache tu mapigano yalipozuka. Serikali yetu ilikasirika, ikasema kwamba mtu mmoja alikuwa akibebeshwa kasoro za mfumo mzima, na ikatangaza kuwarudisha nyumbani askari wake. Unaweza kukubaliana na serikali au usikubaliane nayo. Mimi nilichokiona ni kwamba Ondieki alikuwa na serikali nyuma yake iliyopaza sauti siku ya pili yake. Quinlan hakuwa nayo.

Nishani zenyewe pia zina desturi yake. Askari wa kawaida wa Umoja wa Mataifa hupata nishani ya utumishi kwa kutimiza siku zilizowekwa, kwa kawaida 90, na vijana wa Jadotville nao waliipata hiyo. Mwaka wa 1997 ikaanzishwa nishani yenye jina la Hammarskjöld, kwa ajili ya waliofia kazini. Mwaka wa 2014 ikaanzishwa nyingine yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyewaokoa mamia ya watu mjini Kigali bila silaha, akauawa Mei 1994. Hiyo ilikuja miaka 20 baada ya kifo chake. Kwa mtu aliyepigana hadi risasi zikamwishia kisha akachagua kuwaokoa wenzake, hapakuwa na kisanduku kilichotayarishwa.

Mlango wafunguka

Aliyefufua kesi hiyo hakuwa jenerali. Ilikuwa kazi ya wazee wachache waliokuwa huko wakiwa vijana wa vyeo vya chini kabisa, pamoja na jamaa zao, walioanza kuandika barua, kubisha milango ya wabunge na kudai kwamba kumbukumbu za jeshi zisomwe upya. Mwaka wa 2004 uchunguzi wa jeshi lenyewe ulimwondolea Quinlan na kombania yake lawama zote. Mwaka uliofuata jiwe la ukumbusho likawekwa katika kambi ya Custume mjini Athlone, na mwandishi Declan Power akatoa kitabu kuhusu mkasa huo. Kitabu ndicho kilichozaa filamu ya mwaka wa 2016, iliyopigwa Afrika Kusini, ambamo Jamie Dornan anacheza kama Quinlan. Wanafunzi wengi wameiona. Ni filamu ya kusisimua, ila kama kawaida ya sinema, Wakatanga wamo humo kwa ajili ya kuanguka tu.

Tarehe 17 Septemba 2016, miaka 55 kamili tangu siku ya kusalimu amri, wazee waliosalia walikusanyika Athlone kupokea hati ya serikali ya kukisifu kikosi kizima. Haikuwa imewahi kutolewa kwa kikosi chochote katika historia ya jeshi hilo. Mwaka uliofuata serikali ikaamua kutengeneza nishani maalum, ikaipa jina la mji ule ule uliokuwa hautajwi nyumbani: Nishani ya Jadotville. Ilitolewa tarehe 2 Desemba 2017, katika kambi iyo hiyo.

Kuna waliosema kwamba hiyo haitoshi, na nadhani wana haki. Sifa ya kikosi kizima ni jambo moja. Majina yale zaidi ya 30 aliyoyaandika Quinlan, kila jina na tendo lake, ni jambo jingine, na familia ziliendelea kuyadai hata baada ya siku ile ya Desemba. Anayefikiri kwamba wanapigania kipande cha chuma hajawahi kuishi katika nyumba ya mtu aliyeitwa mwoga.

Waliosimama mstarini siku hiyo walikuwa wazee wa miaka sabini na themanini, wengine wakiegemea fimbo. Lakini kila jina liliposomwa, aliyejitokeza mara nyingi alikuwa mjane, au binti, au mwana mwenye mvi zake mwenyewe. Quinlan alikuwa amestaafu jeshini akiwa kanali, na alikuwa amefariki mwaka wa 1997, miaka saba kabla ya mtu yeyote wa serikali kusema kwamba hakukosea.